Meza Iliyogeuzwa

Sanduku lile nililitengeneza kwa mbao za masanduku ya chai, mwaka niliorudi Unguja kutoka chuoni bara, mapema miaka ya hamsini. Lilikuwa wazi juu, na ndani lina vichochoro kama vya mji wetu, vingine vinatoka, vingine havitoki. Panya mweupe alitiwa upande mmoja atafute kipande cha nazi kilichofichwa upande wa pili. Baada ya kuzoea hakutafuta tena. Alikwenda moja kwa moja.

Nilikuwa na jaribio jengine. Nilimfungia panya ndani ya chemni, kile kioo cha taa, midomo yake nikaiziba kwa karatasi ngumu. Mwenzake aliisukuma na kuitafuna mpaka akamtoa. Nilijiuliza mno: ni huruma, au anaipenda karatasi? Nikamwekea chemni tupu iliyozibwa vilevile, hakuigusa. Hata hivyo sikuridhika. Mimi siridhiki upesi.

Mkuu wangu wa kazi hakuwa na shaka hizo. Wageni wakubwa walipotarajiwa kwenye maabara yetu, aliniambia kuwa vijana wana haraka ya kusema, hivyo majaribio atayaeleza yeye, kwa kuwa ni yake.

"Wewe utashika dele, uwamiminie wageni," alisema. "Kahawa yako nasikia nzuri."

Niliitikia naam. Moyoni nilikuwa nshamchimbia kaburi, ila sikujua nimwingize vipi.

Aliingia mwenyewe. Kwetu mgeni hakalishwi karibu na mlango, penye viatu. Hukaa ndani kabisa, uso ukiuelekea mlango. Viti vikapangwa hivyo, na ili wageni waone vizuri, mkuu akaamuru meza igeuzwe, sanduku likiwa juu yake. Hakuniuliza. Nami nilikwisha kujaribu, nikajua: panya hakumbuki sanduku, anakumbuka chumba. Njia yake huishika kwa dirisha na kabati anavyoviona juu ya kuta za sanduku. Nami nikaendelea na kahawa yangu.

Wageni walipokaa, jaribio la chemni lilikwenda vizuri. Mkuu alisema "niligundua" na "nilifikiri", na mgeni mmoja mzee akasema panya yule ana huruma na imani kuliko jamaa zake yeye. Wakacheka.

Kisha panya akatiwa sandukuni. Alikimbilia upande wa dirisha kama kawaida yake, akagota kwenye pembe isiyo na kitu, akakaa kupangusa masharubu. Akarudishwa, akagota palepale.

"Labda keshakula," alisema yule mzee, wakacheka tena, na safari hii aliyechekwa hakuwa panya.

Mkuu alinijia akaninong'oneza, panya ana nini? Nikamjibu mimi mtu wa kahawa tu. Akinifukuza nitasema nini nyumbani, mtaani kwetu Ng'ambo? Akinisingizia kuwa nimewaharibu panya? Lakini nilimwona mkuu kama kwamba yeye ndiye amo ndani ya chemni, jasho linamtoka, na sikutaka dakika ile ipite. Panya aliyemtoa mwenzake hakumdai kitu. Mimi nilidai majaribio yangu. Nikasimama nikimtazama, mpaka akawageukia wageni.

"Mwenye majaribio haya ni huyu kijana," alisema. "Muulizeni yeye."

Nilimpa dele alishike. Nikairudisha meza ilivyokuwa, nikawaeleza wageni habari ya dirisha na kabati, nikamtia panya. Akaifikia nazi bila kusita.

Yule mzee, macho hayatoki sandukuni, alinyoosha pembeni kikombe chake kitupu. Mkuu wangu akakijaza.