Mashini Yenye Kupumua

Mimi sikusoma. Ukiniletea buku nitaigeuza chini juu na nitakushukuru tu. Lakini masikio yangu ilisoma mupaka ikamaliza masomo yote. Ungepita hapa Mushaki ukinisalimia asubui, mangaribi ningekusalimia na sauti yako mwenyewe, nawe ungeangalia nyuma ukitafuta ndugu yako. Padiri nilikuwa ninamufanya. Shofere wa Fuso nilikuwa ninamufanya, pamoja na Fuso yake ikipanda kilima na mizigo ya bilayi, ile viazi vyetu. Bakwe zangu balikuwa banakatazaka batoto kucheka, kisha banajificha nyuma ya mulango, banacheka bao wenyewe.

Njo maana, wakati radio ilianza ule muchezo wa mashini, batu balianza kunitafuta.

Muchezo yenyewe ilikuwa ya kutisha. Jua imekufa. Siseme mawingu imeifunika, hapa kwetu mawingu tunaizoea. Imekufa kabisa. Baridi imekula mashamba, na batu benye kubakia bamejifungia ndani ya mulima. Mule ndani mupepo ya kupumua inapimwa, na iko mashini moya yenye kupima. Kila mangaribi inaita muntu moya, na sauti ya upole sawa mama mwenye kuamusha mutoto, inasema: "Mutoto yangu, mupepo yako imekwisha." Basi. Banamufungulia mulango, anatoka inje ku baridi. Harudie tena.

Tulikuwa tunaisikilizaka siku ya posho, ni kusema jumamosi, saa kumi, ku butike ya mama mumoja wa Butembo. Ule mama ni mukatolika wa kweli, anauzisha sabuni, chumvi na mafuta, na anaongea sawa vile anakata sabuni na waya, vipande fupi fupi, vyote sawasawa. Radio ilikuwa yake. Fasi nzuri, juu ya muzigo wa unga, ilikuwa ya papa mumoja mulimaji wa bilayi. Bababu yake balilima hii kilima mbele barabara ipite, na anakukumbushaka kila siku. Yeye anavuta maneno, sawa mwenye kuongoza sala na amesahau fasi amefika.

Ile siku ya kwanza papa alicheka. "Hawa batu iko bajinga," akasema. "Mupepo mubaya inashukaka. Kule Sake mazuku, ile mupepo ya sumu, inaua mbuzi mu shimo, haiiue juu ya kilima. Sasa bao balikimbilia ndani ya shimo?"

"Papa, wewe nenda ubaambie," mama wa butike akamujibu. "Panda mu radio."

Lakini posho yenye kufuata alifika wa kwanza, mbele yangu, na kofia yake ya yenga, ya kuendea misa.

Mama wa butike yeye alikuwa ananungunika. "Sijue juu ya nini munapenda hii. Kufa, kufa, kufa. Hapa hamujaona ya kutosha?"

Papa akafikiri, kisha akavuta: "Mama, mule mu radio, muntu akikufa, banamuambia ni juu ya nini. Hapa kwetu nani alikuambiaka?"

Kisha mama akaongeza sauti ya radio. Toka ile siku hakunungunika tena.

Benye kukosa muchezo, juu ya mvua ao juu ya shamba, balikuwa banakuya kwangu kesho yake, kisha misa. Niliwafanyia batu bote ba mule mulimani: mukubwa wa mulango mwenye kikoozi, bibi-arusi mwenye kulia na pua, mutoto mwenye kuuliza jua ilikuwa na rangi gani. Ile mutoto niliifanya mupaka mama mumoja akatoa mandazi mu kitambaa akanipa, njo akakumbuka ni mimi, mama muzee wa meno tatu.

Mashini peke yake ilinishinda. Nilijaribu siku mingi, peke yangu ku jiko. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, na ile ya mashini inatokea chini, sawa mutungi. Na njo vile, kwa kujaribu, nilisikia kitu. Mbele ya kusema "Mutoto yangu," mashini inapumua. Kidogo. Hii: hh.

Nikapeleka ile maneno ku butike. "Mashini inapumua."

"Mashini haina mapafu," mama wa butike akakata. "Ni ule mama wa radio, mwenye kusemea mashini, anachoka. Pengine alipanda ngazi."

"Kila posho anapanda ngazi?"

"Mimi, kila siku ninapanda kilima, nawe haunifanyie hesabu."

Papa wa bilayi yeye akasikiliza posho ingine, amefunga macho. Kisha akasema: "Inapumua kweli. Ni huruma. Imeanza kubasikilia huruma."

Toka pale ile pumuzi ikatugawanya. Benye kununua chumvi balikuwa banaulizwa kwanza: wewe uko ku ngazi ao ku huruma? Muntu wa moto, ile pikipiki ya kubeba batu, alisimamisha abiria yake mu matope juu ya kutuambia kama yeye iko ku ngazi. Ule abiria alishuka, akatembea na miguu yake, juu yeye alikuwa ku huruma. Na mimi nilikuwa ninamushangaa sana ule mama wa radio, mwenye sikumuona na macho. Kutia pumuzi moya tu, na kugombanisha kilima muzima.

Sasa, mimi nilikuwa na kivimbe mu shingo. Miaka mingi niliibeba, nilikuwa ninasema ni mwana wangu wa mwisho, amekataa kuzaliwa. Lakini ilianza kukomaa kwa ndani. Nikilala chali, mupepo haipite. Banangu balinipeleka ku opitali kule chini, ku ziwa. Dokta alikuwa kijana, anaongea na Kifaransa mu pua. Nilimushika vizuri mu masikio: "Mama, écoute. Hii goitre inafunga njia ya mupepo. Tutaitosha na kisu, c'est simple. Mais, sauti inaweza kubadilika."

"Itabadilika ikuwe ya nani?" nikamuuliza.

Hakucheka. Njo nikaogopa.

Nilifikiri siku kadhaa. Bila sauti mimi ni nani? Muzee mwenye meno tatu na jembe. Batu banasimamaka kwangu juu ya sauti. Lakini usiku nilikuwa ninaamuka nikivuta mupepo sawa ngoma yenye kupasuka, na nilikuwa ninasikia ile mashini inaniita. Nikakubali bapasue. Kwa kuwa sikukuwa na bahati, bakachagua ile juma ya mwisho ya muchezo.

Kisha kupasuliwa, bandeji ku shingo, balinikataza kusema. Siku ya kusema ilifika, dokta akasema: "Mama, sema kitu." Nikatingisha kichwa. Infirmière, mama muuguzi, akasema: "Mama, jaribu." Nikageukia ukuta. Nilikuwa ninaona afazali nisijue.

Yenga, mama wa butike na papa wa bilayi bakashuka na moto moya, batatu na mwenye kuendesha, papa katikati amekumbatia kitunga cha bilayi. Balikuya kunielezea mwisho. Bao bawili, kunielezea mimi.

Mama wa butike akaanza. Alimufanya mutoto: sabuni. Bibi-arusi: sabuni. Mukubwa wa mulango, na kikoozi chake: sabuni pia. Papa akataka kumusaidia, na bote ba mulimani bakawa banaongoza sala. Niliteseka kuliko kisu.

Lakini maneno yenyewe ilinishika. Ule mutoto alifuata sauti ya mashini mu njia ya ndani, giza, mupaka ku ukuta. Akatosha mawe. Nyuma ya ukuta hakukukuwa mashini. Kulikuwa mama muzee, ameikala ku kiti, anasemea ndani ya mukebe. Toka zamani yeye njo alikuwa anabachagua.

"Muntu," mama wa butike akasema. "Basi haikukuwa ngazi."

"Na haikukuwa huruma," papa akasema. Alitosha kofia. "Afazali ingekuwa mashini. Mashini ningeisamehe."

Mimi nilikuwa ninaangalia juu, ninamusifu ule mama wa radio. Toka siku ya kwanza alituambia. Alituwekea pumuzi mu masikio, nasi tulikuwa tunabishana juu ya ngazi.

"Na mwisho," mama wa butike akaendelea, "ule muzee anaongea na mutoto, na ile sauti ya mashini..." Akasimama. "Hapana. Hii sauti siwezi."

"Mimi nitaifanya," papa akasema. Akakohoa. Akafungua kinywa, na nikaona anatafuta fasi ya kuanzia sala.

Nikashindwa kuvumilia. Nikavuta mupepo. Ilipita, yote, bila kugonga fasi. Hh.

"Papa," nikasema, "mutoto yangu, mupepo yako imekwisha."

Ilitokea chini, mu mutungi. Si mimi niliifanya. Njo sauti yenye nilibakia nayo.

Papa alisimama, kofia mu mukono. Muntu wa kitanda cha pembeni alijifunika blanketi mupaka ku kichwa. Kisha mama wa butike akacheka, akacheka mupaka infirmière akakuya kumukemea, naye akashikwa na kicheko bila kujua juu ya nini.

Ile mutoto siwezi tena. Padiri pia alikimbia, na bibi-arusi. Nilimulilia sana ule mutoto, siwezi kuficha. Sasa, batu bakitaka muchezo, tunaufanya bote ku butike. Papa iko bibi-arusi, na kofia ya yenga ku kichwa. Mama wa butike iko mutoto, na anauliza rangi ya jua sawa mwenye kuuliza bei. Mimi ninaikala nyuma ya mizigo ya unga, hakuna mwenye kuniona. Banacheka, banacheka. Kisha ninavuta mupepo, na bote bananyamaza.