Nilichora X Bila Kupiga Hodi

Mwanangu, barua yako ya ajira nimeisoma mara mbili. Hongera. Sasa kaa, maana kuna siku moja inayonirudia kila nionapo rangi nyekundu.

Nilikuwa kijana kama wewe, kibarua wa kuweka alama ya X kwenye nyumba za Bonga zilizotakiwa kupisha barabara. Watu walinikimbia wakiona kopo la rangi, nami nikavimba kichwa. Mchana mmoja nikafika kwa Mama Safari, mjane aliyeishi peke yake. Kamba ya kupimia upana wa barabara iliishia uani, hatua mbili kabla ya ukuta wake. Niliona kwa macho yangu. Lakini nyumba ilikuwa kwenye orodha, basi nikachora X mlangoni.

Mlango ukafunguka.

"Mwanangu, mbona hujapiga hodi?"

"Shikamoo, mama. Nimetumwa tu. Imeshaamuliwa."

"Marahaba. Nani ameamua?"

Nikachukua kopo langu la rangi, nikaenda nyumba iliyofuata.

Akaenda kuuliza mwenyewe. Ofisi ya kata ilimwelekeza mjini, mjini wakasema orodha imetoka juu, na hao wa juu wakamjibu kwamba wanafuata alama zilizowekwa na watu wa chini. Yaani mimi. Alirudi kunisimulia bila kugomba, nami nikanyamaza kwa kuhofia kibarua changu. Dereva wa tingatinga naye akasema anafuata X. Nyumba ikaenda chini, ukabaki mlango na fremu yake, wima. Mama Safari akahamia Singe kwa bintiye, hakumaliza hata mwezi. Tulimzika hukohuko.

Wiki moja baada ya mazishi nikapita pale, jua la utosi. Mlango ulikuwa umefungwa. Siku hiyo hakuna aliyenituma. Nikagonga.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," sauti ikaitika nyuma ya mlango.

Nilizunguka. Hapakuwa na mtu. Kiwanja kilikuwa kimefagiliwa, mistari ya ufagio bado mipya, wala hapakuwa na unyayo hata mmoja. Nikaigusa ile X, rangi ikanibaki kidoleni, mbichi kama ya siku ile. Niliogopa, mwanangu, na mpaka leo naogopa.

Miaka yote nimejiuliza nani aliibomoa nyumba ile. Orodha waliikosea watu nisiowajua, na nikisema ni mimi peke yangu nitakuwa nimewasafisha. Lakini kamba niliishika mimi. Kwa hiyo ukiambiwa "imeamuliwa", uliza nani, na jina lake uliandike. Ukiona kamba imeishia uani, sema siku hiyohiyo, hata kama mdomo unatetemeka. Usiseme umetumwa tu. Na mlango wa mtu usiuguse kabla ya kupiga hodi.

Nenda, Mungu akutangulie. Akujalie uzee ambao kila ukipiga hodi, anayekuitikia ni mtu aliye hai.