Ua la Nje ya Ua

Utotoni mwangu, kwenye kilima kinachotazama soko la Kisegi, nilikuwa na shangazi ambaye kwangu alikuwa harufu tupu. Sikuwahi kumwona. Alifariki kabla sijazaliwa, msichana ambaye hajaolewa, na kwetu Wajaluo binti kama huyo hazikwi ndani ya boma la baba yake. Alilazwa nje ya ua, ng'ambo ya minyaa, na jina lake halikupewa mtoto yeyote. Sisi wajukuu hata hatukulijua. Tulisema tu "yule wa nje".

Pale alipolala, Dani, yaani bibi yangu mzaa baba, alipanda mawaridi, kivumbasi na mchaichai. Nimetembea nchi nyingi tangu hapo na sijaona bustani iliyostawi vile. Wakubwa walituonya: ukinusa maua na hakuna upepo, usigeuke, ni yeye anapita akitafuta nyumba ya kuingia. Mimi nilipita pale kila siku nikienda kuchota maji, na nilipita mbio. Mwalimu wa michezo angeniona, leo ningekuwa na medali badala ya kitambi.

Dani peke yake ndiye hakuogopa. Alichuma asubuhi, umande ukishakauka, akatandaza maua kwenye uteo na kuusukuma uvunguni mwa kitanda. Juani hakuanika hata jani.

"Jua linakula harufu," aliniambia. "Linakuachia nyasi."

Maua yalipoanza kulia kama karatasi ukiyaminya, aliyachanganya na maganda makavu ya chungwa na punje za karafuu, akashona vifuko vya kitambaa cha pazia kuukuu, kila kimoja cha kutosha kwenye kiganja changu. Hakuvijaza sana. Alisema harufu nayo inataka nafasi ya kupumua. Kazi yangu ilikuwa kumtilia uzi kwenye sindano, kisha kuvipanga vifuko ndani ya sanduku la nguo, vikapigane na mende na ile harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ambayo Kisegi haimsamehe mtu. Kimoja alikifunga kwenye ncha ya leso yake, kikawa kinaning'inia popote anapoenda.

Kisha dada yangu akazaliwa, na akaanza kulia. Alilia hadi akakataa kunyonya, mashavu yakabonyea, Mama naye akakonda pamoja naye. Zahanati walimpima wakasema hana ugonjwa wowote. Kwa Dani jambo lilikuwa wazi: mmoja wa waliotangulia anataka jina lake lirudi nyumbani, na likitajwa lenyewe, mtoto atanyamaza. Kwa Baba, aliyeuza omena Rongo na kurudi Ijumaa kabla Sabato haijaingia, jambo lilikuwa wazi vilevile, ila upande wa pili.

"Mama, waliokufa wamelala," alisema. "Hawajui hata kwamba tumezaa."

"Basi kwa kelele hizi wameshaamka," Dani akamjibu.

Sabato moja alasiri Mama alichoka kabisa, akamlaza mtoto mapajani mwa Dani, katikati ya maua makavu na vipande vya pazia. Dani akaanza kuita majina. Akamwita babu. Akamwita mama yake babu. Mtoto analia. Akafika hadi kwa ndugu mmoja aliyehamia Ogwedhi kufuga ng'ombe, ambaye baadaye tulikumbuka kuwa bado yu hai. Mtoto akazidi.

Ndipo mimi, mwenye sindano mkononi na adabu kidogo kichwani, nikauliza, "Dani, na yule wa nje, mbona humwiti?"

Mama alinitazama kama niliyetemea mate chunguni. Baba akafunga Biblia yake. Dani alikuwa ameinama, na ile ncha ya leso ilikuwa imeangukia karibu na uso wa mtoto.

"Aoko," alisema.

Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kukalia kiti kilichokaa miaka bila mtu.

Mtoto akanyamaza. Nyumba ikajaa maua, na hakukuwa na upepo. Sikugeuka. Kisha kale katoto kakapiga chafya kubwa, kakaanza kutafuta titi la mama yake.

"Amekubali," Dani akasema.

"Ni vumbi la hayo maua, Mama."

"Na maua hayo ni ya nani?"

Baba akainuka. Alitoka nje, na kupitia mlangoni tukamwona amesimama kando ya minyaa, akitazama ng'ambo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yule niliyemkimbia kila siku alikuwa dada yake mkubwa, na kwamba mgongo wa kwanza kumbeba Baba, ukiacha wa mama yake, ulikuwa wa dada huyo.

Aliporudi alisema, "Kanisani ataitwa Dorkasi. Hapa nyumbani, Mama, wewe ndiye unayewajua watu wako."

Mama hakusikia vizuri. Alikuwa akimwangalia mtoto ananyonya.

Aoko, kwa Kijaluo, ni mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba. Shangazi alizaliwa shambani, akaishia nje vilevile. Dada yangu alizaliwa wodini, chini ya paa, kwenye kitanda chenye magurudumu. Jina halikumfaa hata kidogo.

Hadi leo nashona vifuko hivyo, vibaya, na husafiri nacho kimoja kwenye sanduku. Katika uwanja mmoja wa ndege afisa alikipasua, akakinusa, akaniuliza ni nini. Nikasema ni shangazi yangu. Jibu hilo halikunisaidia. Dada yangu mwenyewe hawezi kukishika. Akisogelea waridi anapiga chafya hadi macho yanavimba. Huenda basi Baba alisema kweli, lilikuwa vumbi tu. Nimeacha kubishana.

Ninachokumbuka ni jioni za miaka iliyofuata, Dani amesimama mlangoni, mkono kiunoni, akilipaza mbele ya kijiji kizima jina ambalo mdomo wake ulilifungia muda mrefu.

"Aoko! Giza hilo! Aoko, donji! Ingia ndani!"

Mara nyingi dada yangu alikuwa ndani tayari, anakula. Dani alijua. Aliuacha mlango wazi kitambo kidogo, akitazama upande wa minyaa, ndipo akafunga.