Nililinda jengo kuukuu la viziwi hapa Doha, likanionyesha nisichokijua kuhusu binti yangu

Wakuu, heri ya Ijumaa. Leo niko off, nimejilaza chumbani kwetu Muaither, nimeona nilimwage hili kabla halijanikaba. Ni kweli tupu, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe.

Mimi ni mlinzi, mwaka wa nne sasa. Tanga nimeacha mke na binti mmoja, Mwanaidi, miaka minane. Hasikii tangu alipougua homa akiwa mchanga.

Miezi kadhaa iliyopita mke wangu alikuwa hanipi pumzi. Nafasi imepatikana shule ya bweni ya viziwi, jibu linatakiwa kabla ya wiki kuisha. Nikakataa. Mtoto hasikii, akafundishwe nini? Abaki kwa mama yake, ale, alale, apendwe.

Ndipo kampuni ikanipanga lindo la mchana mtaa wa Najma, kwenye jengo linalosubiri kubomolewa. Supavaiza wetu Mkenya akanikabidhi funguo.

"Chunga tu mlango, bro. Hii ilikuwa place ya mabubu kitambo, watu wa charity walikuwa wanawasaidia. Hakuna mtu huingia."

Lindo la jengo tupu linachosha, mnajua. Siku ya pili nikaanza kuzurura ndani.

Wakuu, nilibaki mdomo wazi.

Kitufe cha kengele ya mlangoni, nikafuata waya wake ukutani. Haukwenda kwenye kengele. Ulikwenda kwenye taa nyekundu, na kila chumba kina taa yake, hadi chooni! Kona zote za korido zina vioo. Nikacheka peke yangu, nikasema hawa watu walijipenda.

Ukumbi mkubwa nao sakafu ni ya mbao, mji huu ambao kila mahali ni vigae. Ukutani imechorwa mikono, kila mmoja na herufi yake ya Kiarabu, rangi bado inang'aa chini ya vumbi. Nikajikuta nimevua kofia, sijui hata kwa nini.

Siku ya tatu niliacha mlango wazi. Akapita mzee mmoja wa kanzu nyeupe, moja kwa moja hadi ukumbini. Nikapaza sauti, "Hajji! Mamnuu!" yaani marufuku. Hata hakugeuka. Nikaona hii sasa dharau, nikamkimbilia na mabuti yangu ya kampuni.

Nilipokanyaga tu zile mbao, akageuka. Akagusa sikio, akatikisa kichwa, akanionyesha sakafu kwa kidole huku anatabasamu.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Mbao zile zilikuwa za kuitana. Ukikanyaga kwa nguvu, mwenzako anahisi miguuni. Vioo ni vya kumwona anayekuja nyuma yako. Kuna watu walikaa chini wakamfikiria kiziwi kwanza, ndipo wakajenga. Na mimi siku tatu nalilinda, sijaelewa kitu.

Tukaandikiana kwenye simu yake, inatafsiri. Alisoma hapo utotoni, amekuja kupaaga. Nikamweleza habari za Mwanaidi, nikaongeza kwa kujisifu kidogo kwamba nyumbani anapendwa sana.

Akaandika: "Mimi pia nilipendwa. Nililetwa hapa nina miaka tisa. Ndipo nikajua kwamba nina jina."

Nilisoma mara nne. Miaka minane namwita binti yangu jina la marehemu mama yangu, na yeye hajui kama lipo.

Nikampigia mke wangu palepale lindoni, kosa la kuandikiwa barua ya onyo.

"Mpeleke shule."

"Baba Mwanaidi, unaumwa?"

"Mpeleke, mama. Mimi ndiye niliyekosea."

Akalia. Nami nikalia, mzee wa watu kanishika bega.

Jengo halipo tena. Mwanaidi yuko muhula wa pili. Juzi mwalimu katuma video. Anasema shuleni kila mtu hupewa jina la alama, na Mwanaidi ameshawapa majina watu wote wa kwao. Mama yake ni kidole shavuni, kwa sababu ana kishimo akicheka. Mwalimu akamwonyesha picha yangu.

Mwanangu akanyanyua mkono, akapunga kwaheri.

Ndilo jina langu hilo, wakuu. Nimeshaomba likizo.

Mwenye mtoto asiyesikia, usimcheleweshe kama mimi, na hilo neno bubu tuliache. Na kama humu kuna anayejua lugha ya alama, anielekeze hapo chini mkono unakaaje nikitaka kumwambia "nimerudi".