Gumba la Pili la Baba

Harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye unyevu hunirudisha mtaani Bagira, barazani kwetu, majira ya mvua nilipokuwa na miaka tisa. Baba alikuwa fundi cherehani, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole gumba viwili, kimoja kimeota ubavuni mwa kingine. Wateja walimtania kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana Mungu alimwongezea. Baba alicheka na kuwaonyesha jinsi gumba la pili lilivyobana kitambaa huku la kwanza likiongoza mkasi. Sisi watoto tuligombania kulishika tukitoka misa.

Mvua hizo jirani yetu, Maman Noella, alijifungua mtoto wa kiume akamwita Murhula, jina ambalo kwa Kimashi ni amani. Mumewe, Papa Noella, alichimba dhahabu upande wa Walungu na kurudi nyumbani kwa nadra. Wanawake waliokwenda kumpa mzazi pole walifunua kitenge, wakauona mkono wa kulia wa mtoto, wakaufunika tena. Ulikuwa na vidole gumba viwili. Mume aliporudi hakupiga kelele. Alimbeba mtoto hadi kwetu, akauweka mkono ule mdogo juu ya meza ya cherehani, kando ya mkono wa Baba, majirani wakitazama.

"Fundi, hii kidole iko ya nani?"

"Iko ya mutoto, Papa Noella," Baba akajibu. "Mimi sikugusaka bibi yako."

Hakuna aliyesadiki. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Maman Noella alirudishwa kijijini kwao Miti na kichanga mgongoni. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mkono wa Baba ulibaki hewani. Mama alimwamini, lakini aliacha kuimba akipika. Ndipo Baba akaenda kwa muuguzi mmoja akakatwa gumba la pili, akidhani likiondoka na maneno yataondoka. Mtaa mzima ukasema amekata ushahidi. Kidonda kilioza, kikapona vibaya, mkono ukakakamaa na mkasi ukamshinda. Tangu hapo alishona vifungo tu, navyo kwa shida. Niliwachukia watu wa mtaa ule, na sijamaliza kuwachukia.

Leo nafundisha biolojia, na kuna somo moja ambalo kila nikilifikia namkumbuka Baba. Katika chembe za urithi kuna kipande kidogo kinachofanya kazi kama swichi: huongoza kuota kwa mikono na miguu, na huamua gumba liote wapi. Kikibadilika kidogo tu, magumba huweza kuota mawili, kwa mtu, kwa paka, kwa kuku, na katika nyumba mbili zisizo na undugu wowote. Kwa nyoka swichi hiyohiyo iliharibika, na miguu ikatoweka. Mijusi wa koo mbalimbali nao walipoteza miguu, kila ukoo kivyake. Maumbile hurudia kazi yake bila kuulizana. Wanafunzi wangu huandika kwamba kufanana si lazima kuwe undugu, kisha huenda kucheza. Baba alikatwa mwili kwa kukosa sentensi hiyo.

Mwaka jana tulimzika. Kijana mmoja alitoka Miti, akaketi mkekani pamoja na kaka zangu bila kualikwa, mkono wake wa kulia juu ya goti, wenye vidole gumba viwili. Mtaa mzima ulimwona. Baada ya mazishi aliniambia kwamba mama yake aliapa hadi kufa kwake kuwa fundi hakumgusa, lakini yeye hakuweza kumwamini.

"Ule bwana ya mama alinikataa," alisema. "Bila fundi, mi niko mutoto wa nani?"

Zamani hatukuwa na elimu ya kumwokoa Baba. Sasa ninayo, na mjini kuna vipimo vya damu ambavyo vingelisafisha jina lake mbele ya Bagira yote. Somo zima lilikuwa mdomoni mwangu. Nikamtazama yule kijana, nikampakulia ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, nikamwita kaka. Mama, aliyemwamini Baba miaka yote, alikuwa ameketi nyuma yangu akisikia; aliinuka akatoka nje.