Kidole Ndani ya Fanta ya Mwanangu

Samaki mtamu kuliko wote niliowahi kula, nilimwacha nusu kwenye sahani nikaondoka na roho mkononi.

Samaki hakuwa na kosa. Aliyenitisha ni yule aliyemleta mezani.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mimi, au minye kama tusemavyo kwetu, niliishia shule ya msingi tu, na kuandika kwenye simu nimefundishwa ukubwani. Lakini jambo hili lilinikaa kifuani tangu vita vya pili vya hapa kwetu, na juzi Mungu alinionyesha upande wake wa nyuma.

Nilikuwa nakaa Kasenga, hapa Uvira. Mume wangu Cyprien alikufa katika vita vya kwanza, akaniachia rozari yake na binti mmoja, Noella.

Noella alikuwa amefika ule umri ambao mama halali.

Mji ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Walikaa karibu na bomba la maji wakichagua wasichana kwa macho, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Waliyempenda, walimfuata. Wengine hawakurudi kwao.

Siku moja mmoja wao akaja hadi mlangoni kwangu. Akaomba maji. Akanywa taratibu, akarudisha kikombe.

"Mama," akasema, "mutoto yako iko mukubwa sasa."

Basi. Akaenda zake.

Siku hiyo moto wa jikoni sikuuwasha. Nilikaa nimeegemea mlango, kana kwamba mgongo wa mjane unaweza kuzuia kitu.

Ndipo akatokea Placide.

Placide alikuwa mfanyabiashara wa samaki, rafiki wa marehemu. Siku ya mazishi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mtu kama huyo utamkatalia nini?

"Shemeji," akaniambia, "dada yako si iko kule kwa wakimbizi, Kigoma? Niko na mashua ya moteri inaondoka Kalundu. Nitamuvusha Noella. Usinishukuru, nafanya kwa ajili ya Cyprien."

Nililia. Nikapiga magoti palepale.

Akasema tukutane mchana kwenye restora moja ya samaki, ufukoni. Tule kwanza, maana ziwa halitaki tumbo tupu, kisha mashua itakuja kumchukua.

Nilijiuliza kwa nini mashua hiyo iondoke mchana, wakati nyingine zote zilingoja giza. Nikajijibu mwenyewe: Placide anajua ziwa kunishinda.

Tukaenda. Noella alivaa rinda lake jeupe la komunyo, lililoongezwa kitambaa chini, mkononi sakoshi, mkoba wa nguo zake. Placide alikuwa ameshachagua meza ya pembeni, akakaa akitazama barabara. Mlangoni palikuwa na mwanaume mwenye kofia, anachokoa meno, na mbele yake hakuna sahani.

Akaja mhudumu. Mwanamke mwembamba, kitambaa cha kichwa amekifunga hadi kwenye nyusi. Hakusalimu.

Kwetu, hata adui yako akija kula, unamnawisha. Unakuja na beseni na jagi, unainama kidogo, unammwagia maji mikononi. Mgeni kunawa peke yake ni kama kumwambia rudi ulikotoka.

Yule mwanamke akabwaga jagi mezani, maji yakaturukia.

"Mujinawe."

"Weye dada!" Placide akashtuka. "Hujui kunawisha wageni?"

"Wageni hawana mikono?"

Noella akanitazama. Nikamwashiria anyamaze. Tukanawa wenyewe.

Kisha chakula kikaja, na ndugu zangu, sitadanganya. Mukeke wa kuchoma, ngozi imepasuka kwa moto, ndani nyama nyeupe kama pamba. Ndimu, pilipili ya kusaga, sombe ya majani ya muhogo na mawese, ugali wa bukari unatoa moshi. Nilifanya ishara ya msalaba nikaonja, na kwa mara ya kwanza tangu yule mtu wa kikombe, nikahisi njaa.

"Mama," Noella akacheka mdomo umejaa, "huyu aliyepika aolewe tena!"

Lakini yule mhudumu! Niliomba chumvi, akasema, "Iko dukani." Niliomba maji ya kunywa, akanyoosha kidole dirishani: "Ziwa si lile?" Akapita nyuma yangu akisema kwa sauti, "Wajane wanapenda vya bure, kisha wanajaza meza."

Nilimeza. Mjane hujifunza kumeza.

Placide akaagiza Fanta kwa ajili ya mtoto.

Chupa ikaja imefunguliwa.

Wa mbali wataniuliza, kuna ubaya gani? Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, uusikie mlio wake. Pombe ya ndizi, anayekupa huonja kwanza. Tumezika watu wengi waliokunywa wasichokiona kikifunguliwa. Hilo halihitaji shule.

"Nani ameifungua hii?" nikauliza.

"Minye."

"Wapi?"

"Jikoni. Kifungulio iko kule. Unataka nikivae shingoni kama rozari yako?"

Nikaisogeza chupa mbali na Noella. Placide akacheka, akaikamata chupa, akapiga funda kubwa.

"Shemeji, angalia. Nimekunywa, sijafa. Lete glasi, weye!"

Nikaona aibu kidogo. Mtu ametuokoa, nami namshuku mhudumu wake.

Glasi ikaja. Wakati ule ukasikika mlio wa gari mbali, juu barabarani, na Placide akageuza shingo.

Yule mwanamke akamimina Fanta ndani ya glasi ya Noella. Kisha, polepole, akaingiza kidole gumba chake ndani yake.

Kidole chote, hadi kwenye kiungo.

Kucha za vidole vingine zilikuwa fupi. Ya gumba ilikuwa ndefu, imechongoka. Tangu utoto tumeambiwa: mtu wa sumu hufuga kucha ya gumba, sumu hukaa chini yake.

Na alifanya hivyo akiniangalia machoni. Mimi, si glasi. Hakupepesa.

Akakitoa kidole, akakifuta kwenye kitenge chake, akaondoka.

Noella alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikamkanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu zangu zote.

"Placide," nikasema, na sijui sauti ile niliipata wapi, "mtoto amepatwa. Naenda naye nyuma."

"Sasa hivi? Shemeji, mashua iko karibu!"

"Ni mambo ya wanawake. Unataka nikueleze?"

Akaangalia chini. Mwanaume yeyote angeangalia chini. "Acheni sakoshi hapa," akasema.

"Tunaiacha."

Yule wa kofia alisimama tulipofika mlangoni. Placide akamwashiria kwa kichwa, naye akatupisha.

Tulitembea. Ningekimbia, lakini anayekimbia hufuatwa. Nilikuwa nasema Salamu Maria bila kufika mwisho, narudia maneno yaleyale, "sasa na saa ya kufa kwetu, sasa na saa ya kufa kwetu."

"Mama, nguo zangu ziko kwenye sakoshi..."

"Tembea."

Mbele yetu, mchangani, wamama walikuwa wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kabla hatujawafikia, gari likateremka nyuma yetu. Kamionete, imejaa watu wenye bunduki. Ikasimama mlangoni mwa restora.

Kwenye maji hapakuwa na mashua yoyote.

Hapo nikaelewa yote, au nilidhani hivyo: dawa ya kumlewesha mtoto, gari la kumbeba. Wote kundi moja, Placide, wa kofia na yule mwanamke wa kucha.

Mkubwa wa waanikaji aliitwa Apollinarie. Nilimjua kwa sura tu. "Mama, unakimbia nani?" Nikamwonyesha gari kwa kidevu.

Alitazama rinda jeupe. Akatazama gari. Hakuuliza tena.

Akavua kitenge chake cha juu, kinanuka samaki, akamfunga Noella toka kwapa hadi miguu. Akachota tope la ndagala, akampaka usoni. "Inama. Hata nikikutukana, usiinue kichwa." Minye, kwa kuwa Placide ananijua, wakanisukuma chini ya rundo la nyavu.

Kutoka restora nikasikia mwanamke akipiga ukelele, mara moja, ukakatika. Nikasema moyoni, wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Miguu ikaja. Viatu vya Placide nilivijua, na mabuti pembeni.

"Wamama, mumeona msichana wa rinda jeupe?"

"Rinda jeupe lije kutafuta nini hapa?" Apollinarie akajibu. "Harufu?"

Wamama wakacheka. Buti moja halikucheka. Lilisogea, likasimama karibu kabisa na vidole vya mwanangu.

Apollinarie akampiga Noella mgongoni, paa! "Weye muvivu! Geuza ndagala, jua linaondoka! Mama yako alikuzaa ukiwa umelala?"

Mkono wa askari ukashuka, ukachota ndagala mbele ya Noella. Nikasikia akitafuna. Kupitia matundu ya wavu niliona mgongo wa mwanangu ukitetemeka, nikaomba: Bwana, afikiri ni baridi ya maji.

Akatema mate. "Hazijakauka," akasema.

Mabuti yakaondoka.

Noella alivuka baadaye, gizani kama watu wote, katikati ya magunia ya ndagala, pamoja na ndugu za Apollinarie. Yuko Kigoma hadi leo, ana watoto. Placide alipotea mjini vita vilipogeuka, hakuna aliyemwona tena.

Lakini aliyebaki kwenye ndoto zangu hakuwa Placide. Alikuwa yule mwanamke. Miaka yote hiyo sikula tena nje ya nyumba yangu. Nikiona kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, nilivuka barabara.

Hadi juzi.

Tulikuwa kwenye shirika letu la Kasenga, jumuiya yetu ya sala. Baada ya sala, chakula. Kulikuwa na mama mgeni, amehamia kutoka Rugenge, akapewa kazi ya kunawisha. Akafika kwangu na beseni, akainama vizuri, akashika jagi.

Kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi, meno ya mbele hana. Nikatazama mkono. Nikatazama kidole gumba.

Nilirudisha mikono yangu kama niliyeguswa na moto.

Akanitambua.

"Mama wa rozari," akanong'ona. "Mutoto alifika?"

Akaweka beseni chini.

"Fanta ilikuwa safi, mama. Hakuna kilichokuwamo. Minye Gloriose, sijaua hata kuku wa mutu."

"Na kucha?"

"Niliifuga makusudi."

Akanieleza, amechuchumaa mbele yangu, watu wakingoja kunawa. Placide alileta wasichana wengine kabla yetu, meza ileile, samaki yuleyule. Mara ya kwanza Gloriose alimnong'oneza mama wa msichana ukweli wote. Yule mama akaruka, akamgeukia Placide: "Eti ni kweli?" Wakachukuliwa wote, mama na mtoto, kabla hajamtaja aliyemwambia.

"Nikajifunza," akasema. "Mama wa hapa, ukimwambia ubaya wa mwanaume anayemwamini, atauliza. Ukimwonyesha sumu, haulizi. Atatoka kimya, na mutoto mukononi."

"Na meno yako?"

"Wageni walitoroka. Nani mwingine apigwe? Walisema huduma yangu ni mbaya." Akacheka, na pengo likaonekana lote. "Na kweli ilikuwa mbaya."

"Lakini samaki, Gloriose. Samaki alikuwa mzuri hivi!"

"Alichoma mama yangu. Nilimuomba amuunguze, mukasirike mapema. Akakataa kabisa. Akasema, watoto wa watu wakienda, waende wameshiba."

Hapo nililia, jamani. Nililia hadi mkubwa wa shirika akauliza nani amekufa.

Simaanishi kila anayekubwagia sahani ni malaika. Wengine ni jeuri tu, waacheni na jeuri yao. Lakini shikeni hili: tumefundishwa kuichunga chupa, na ni vizuri. Mchungeni pia yule anayewaagizia. Siku ile niliyekuwa namwogopa alikuwa ananisukuma kutoka kaburini, na niliyempigia magoti alikuwa ananihesabia hatua za kuingia.

Gloriose akaliinua jagi tena. Nikanyoosha mikono yote miwili, akaninawisha, polepole, kidole kwa kidole.

Kisha akaingia ndani akaniletea Fanta. Alikuwa ameifungulia jikoni.

Nikainywa yote.