Paluku Aliporuka Kutoka Kwenye Kamyo

Mwanangu, sogea karibu. Kuna siku moja ya miaka ya vita ambayo kila nikiikumbuka huniondolea usingizi, na ilianzia darasani, hapa hapa Butembo.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mutu wa Kasai, jimbo la mbali. Serikali ilimleta huku ikamsahau, lakini shati lake halikukosa pasi. Siku hiyo alituuliza: mtu akiruka kutoka kwenye gari linalokimbia, ataanguka wapi?

Kaka yangu Paluku akasimama. Vita vilikuwa vimemchelewesha, tukawa darasa moja.

"Pale pale, mwalimu. Akiacha gari, mbio ya gari nayo inamuacha."

Sote tuliona hivyo, hata mimi. Kitu ukiacha kukisukuma si kinasimama? Mwalimu akachora mshale ubaoni, akasema mbio haibaki garini, unaruka nayo. "Donc, basi umekosea, Paluku. Kaa." Darasa likacheka. Paluku akakaa, uso chini. Hakuwa ameelewa, mwanangu. Alikuwa amenyamaza tu.

Likizo ilipofika tulikwenda Beni na mama kumuona shangazi mgonjwa. Wakati wa kurudi tulipanda juu ya kamyo, lori lililobeba maharagwe. Njiani, watu wenye bunduki wakatokea msituni wakaanza kupiga risasi. Dereva hakusimama, alizidi kukanyaga mafuta. Watu walilia, wengine wakataja majina ya watakatifu.

"Mama, turuke!" Paluku akasema. "Hapa kuko majani mengi, tutaangukia mu majani."

Nikamshika shati. "Paluku, mwalimu alisema..."

"Mwalimu hapana iko hapa!"

Akaruka. Majani aliyoyalenga aliyapita. Mwili wake ulikwenda mbele na mbio ya kamyo, mpaka kwenye mawe ya daraja lililokuwa mbele. Sisi tuliobaki juu tulifika wazima, wote, na hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko yote. Kesho yake wanaume wa kijiji cha karibu waliuleta mwili wake kwa machela.

Mwalimu alikuja kwenye kilio. Mama akamuuliza:

"Mwalimu, mutoto wangu ulimufundisha nini?"

"Nilimwambia, mama," akajibu polepole. "Mais, lakini hapana kumuonyesha kwa mikono. Na nilibaacha benzake bamucheke."

Mama alisogea kidogo mkekani, mwalimu akapata mahali pa kukaa.

Masomo yalipoanza tena, mwalimu alitutoa nje kwenye mteremko na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Akasimika kijiti kando ya njia. Kila mmoja alisema kwanza anavyoona yeye mfuko wa udongo utaangukia wapi, kisha tukaiachia chukudu iteremke, na aliyeipanda akadondosha mfuko huo alipofika kijitini. Mfuko ulikipita kijiti, ukaanguka mbali. Tukarudia, ukapita tena. Hakuna aliyecheka. Mimi niliondoka nikaenda kulia nyuma ya choo.

Sasa wewe umepata kazi ya ualimu. Mtoto akikosea, usifurahie kumshinda. Muulize kwa nini anaona hivyo, halafu mjaribu pamoja kwa mikono, mpaka macho yake yakubali. Na wewe ukikosolewa mbele ya watu, usifiche wazo lako kwa aibu. Bisha, uliza, na kesho urudi kuuliza tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wanafunzi wabishi, na akujalie wao wakuzike wewe, usizike hata mmoja wao.